Shirika la ndege la nauli nafuu lianzie wapi kupunguza uchafuzi wake?

Swali: "Nimepewa kazi ya kuandaa mpango wa mazingira katika shirika la ndege la nauli nafuu. Tuna ndege 30 za injini mbili, nyingi za kizazi kilichopita, na safari zetu nyingi ni za saa moja hadi tatu. Uongozi unataka hatua ambazo hazitapandisha nauli. Wenzangu wa masoko tayari wanataka tujiite shirika la kijani kwa sababu ndege zetu zinajaa, na wanapendekeza abiria wachangie kupanda miti wanapokata tiketi. Nianzie wapi, na je, wanachosema ni kweli?"

Ndugu, wanachosema wenzako kina ukweli nusu. Ni vizuri uujue huo ukweli kwanza, ili ukikataa kauli yao uikatae kwa sababu sahihi.

Ndege yenu na ndege ya shirika la kifahari zinaweza kuwa za aina moja, zimetoka kiwanda kimoja, na mafuta zinakula karibu sawa. Tofauti iko ndani ya kabini. Boeing 737-800 ya nauli nafuu hufungwa viti 189, wakati mashirika yenye daraja la biashara huweka 160 hivi kwenye ndege hiyohiyo. Tena ninyi mnajaza. Mwaka 2024 wastani wa dunia wa viti vilivyokaliwa ulikuwa kama asilimia 83, na baadhi ya mashirika makubwa ya nauli nafuu yalivuka 90. Mafuta yaleyale yakigawanywa kwa watu wengi zaidi, fungu la kila abiria hupungua. Hilo ni kweli kabisa, wala msilionee aibu.

Ila faida hiyo mmeshaivuna. Viti vimeshabanwa, ndege imeshajaa, hakuna pa kusogea tena. Na dunia inapata joto kwa jumla ya mafuta yaliyochomwa, hata yawe yamegawanywa kwa watu wangapi. Kila kilo 1 ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa kilo 3.16 za hewa ukaa, kwa kuwa kaboni iliyomo huungana na oksijeni ya hewani na uzito ukaongezeka. Ndege ya aina ya 737-800 ikishatulia angani hula kama tani 2.5 za mafuta kwa saa, yaani karibu tani 8 za hewa ukaa. Shirika likipunguza gramu za kila abiria kwa asilimia 10, na papo hapo likaongeza safari kwa asilimia 30, uchafuzi wake umepanda kwa asilimia 17. Ripoti ya masoko itasema mmeboresha, na kwa kipimo chao itakuwa haijadanganya.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, omba bodi ikubali kupimwa kwa namba mbili: gramu kwa abiria kwa kilomita, na tani zote za mwaka. Hiyo ya pili ndiyo watakayotaka kuikwepa. Ishikilie. Mpango usio na namba hiyo utawapa picha nzuri kwa miaka mitatu, kisha mtu yeyote mwenye kikokotoo atauvunja.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Wengi wakipewa jukumu kama lako hukimbilia mafuta mbadala na ndege za umeme. Mimi ningeanzia kwenye maegesho.

Ndege ikisimama, abiria wakishuka na wengine wakipanda, umeme na hewa baridi vinatoka kwenye injini ndogo iliyo mkiani. Injini hiyo hula kama kilo 110 za mafuta kwa saa. Mara nyingi hatua chache tu kutoka hapo kuna umeme wa uwanja, umekaa bila kutumika. Ukiuliza kwa nini, utapata majibu ya kawaida sana: kampuni ya huduma za uwanjani inatoza kila inapounganisha waya, kijana wa kuuchomeka yuko kwenye ndege nyingine, na ninyi mnaondoka baada ya dakika 25 au 30. Rubani akiona waya hauji, anaacha injini ya mkiani iendelee kunguruma. Hakuna aliyeamua kuchafua. Mkataba ulivyoandikwa ndivyo unavyoamua.

Piga hesabu kwa ndege zenu 30. Tuseme kila moja inatua na kuondoka mara 6 kwa siku, na kila mara inakaa nusu saa. Hizo ni saa 3 za injini ya mkiani. Mkifanikiwa kuizima kwa nusu ya muda huo, mmeokoa kilo 165 kwa ndege kwa siku. Kwa ndege zote, kwa mwaka, ni tani 1,800 za mafuta na tani 5,700 hivi za hewa ukaa. Hakuna nauli iliyopanda. Kinyume chake, mmebakiwa na fedha. Kinachotakiwa ni kuandika upya mkataba wa huduma za uwanjani: umeme uwe ndani ya bei ya kuihudumia ndege, na waya uunganishwe ndani ya dakika 2 au 3 tangu magurudumu yasimame. Kumbuka jambo moja tu. Penye joto kali umeme peke yake hautoshi, bila hewa baridi ya kutoka uwanjani kabini itachemka, rubani atawasha injini tena, naye atakuwa na haki. Chagueni viwanja vyenye vifaa vyote viwili muanzie hapo.

Kutoka maegesho tunaingia kwenye mwendo wa ardhini. Ndege za ukubwa wenu zikitembea kwa injini zote mbili hula kama kilo 10 za mafuta kila dakika. Baada ya kutua, injini ikishapoa kwa dakika 3 hivi, mara nyingi rubani anaweza kuzima moja na kuendelea na nyingine. Akifanya hivyo anaokoa kilo 20 hadi 40, kulingana na urefu wa njia. Haiwezekani kila mahali: penye mteremko, utelezi au kona kali ni uamuzi wake, na mpango wako usimlazimishe. Lakini pale inapowezekana ifanywe iwe kawaida, na kutokufanya ndiko kuwe na sababu.

Kuna tabia moja ambayo ningependa uitazame kwa makini, kwa sababu imejificha ndani ya hesabu za fedha. Mafuta yakiwa nafuu uwanja mmoja kuliko ule wa mbele, kompyuta ya mipango inashauri ndege ijaze ya kwenda na kurudi. Kubeba uzito huo kuna gharama yake: kwa ndege kama zenu, takriban asilimia 3 ya mafuta ya ziada huchomwa kila saa kwa ajili ya kujibeba yenyewe. Beba tani 3 kwa saa 2, umechoma kilo 180 bila kumsogeza abiria hata mmoja, na umetoa kilo 570 za hewa ukaa. Mwaka 2019 Eurocontrol, taasisi inayoratibu safari za anga Ulaya, ilikadiria kuwa tabia hiyo, katika anga la Ulaya peke yake, inaongeza tani 900,000 hivi za hewa ukaa kwa mwaka. Tangu 2025 Umoja wa Ulaya umeibana: shirika linatakiwa kujaza katika kila uwanja angalau asilimia 90 ya mafuta yanayohitajika kwa safari zinazoondokea hapo kwa mwaka. Hata kama hakuna sheria ya namna hiyo mnakoruka, mwombe ofisa wenu wa mafuta aingize bei ya hewa ukaa kwenye hesabu yake. Safari nyingi zinazobeba mafuta ya ziada kwa faida ndogo zitajiondoa zenyewe. Pale ambapo uwanja wa mbele hauna mafuta ya kutegemewa, hilo ni suala la usalama na halihusiki hapa.

Uzito mwingine ni wa vitu vidogo vidogo. Ondoa kilo 100 kwenye ndege inayoruka saa 10 kwa siku, na kwa kanuni ileile ya asilimia 3 utaokoa kama tani 11 za mafuta kwa mwaka, hewa ukaa tani 35 hivi. Kilo 100 zinapatikana wapi? Tangi la maji ya kunywa na ya kunawia hubeba lita 200 hivi, na kwa safari ya saa moja hakuna sababu ya kulijaza mpaka juu. Toroli za bidhaa ambazo hazinunuliwi asubuhi hazina haja ya kupanda ndege asubuhi. Vitabu na ramani za marubani: mwaka 2013 American Airlines ilimaliza kuviondoa, ikaweka kompyuta ndogo mahali pa mikoba ya karatasi iliyokuwa na kilo 16 kila mmoja. Hata ada ya mizigo ambayo abiria huilalamikia inasaidia hapa, kwa sababu watu hubeba kidogo wanapolipia.

Yote haya yanapita mikononi mwa rubani, na hapo ndipo mipango mingi hufia. Kuna ushahidi mzuri wa kukusaidia. Mwaka 2014 watafiti wa uchumi walishirikiana na Virgin Atlantic kuwafuatilia makapteni 335 kwa miezi kadhaa. Waliangalia mambo matatu: kama kapteni anarekebisha kiasi cha mafuta kulingana na uzito halisi wa ndege, kama anaruka kwa namna inayookoa mafuta, na kama anazima injini moja baada ya kutua. Kundi moja lilipelekewa kila mwezi barua ya matokeo yake binafsi, jingine likaongezewa shabaha ya kufikia. Wenye shabaha walibadilika kuliko waliopewa taarifa tu. Hata wale ambao hawakupelekewa chochote walijirekebisha, kwa kuwa walijua wanapimwa.

Jifunzeni hapo, lakini kwa tahadhari ninayoisisitiza kwa nguvu zote: matokeo yawe siri kati ya rubani na takwimu zake. Msibandike ukutani orodha ya nani amechoma zaidi. Kapteni anayeona radi mbele na kuamua kubeba nusu tani ya ziada hatakiwi hata sekunde moja kuwaza jina lake litakaa wapi kwenye orodha. Mkivunja hilo mmeharibu usalama, na mtapoteza imani ya marubani ambayo bila hiyo hakuna hatua hata moja hapa itakayodumu.

Jambo la mwisho la uendeshaji ni mwendo. Kila ndege ya kisasa ina namba inayoingizwa kwenye kompyuta yake kupima muda dhidi ya mafuta. Ikiwa juu, ndege inakimbia, ikiwa chini, inakwenda taratibu na kula kidogo. Mashirika ya nauli nafuu yana mtego wake hapa. Ndege ikichelewa dakika 20 asubuhi, ucheleweshaji unaburuzwa kwenye safari zote 6 za siku, na kila rubani anajaribu kuufidia kwa kukimbia. Dawa iko kwa ofisa ratiba: pengo la dakika 15 katikati ya siku, ili kuchelewa kwa asubuhi kusilipwe kwa mafuta mpaka usiku. Huenda mkapoteza safari moja hapa na pale kwenye ratiba. Ni gharama halisi, iandike hivyo.

Tukija kwenye ndege zenyewe, hapa ndipo penye punguzo kubwa kuliko yote kwa mkupuo. Airbus A320neo na Boeing 737 MAX hula mafuta pungufu kwa asilimia 15 hadi 20 kuliko zile zilizozitangulia, hasa kwa sababu ya injini mpya zenye feni kubwa zaidi. Ryanair inasema ndege zake za 737 8-200, ambazo ni toleo la MAX, zina viti 197 na zinakula pungufu kwa asilimia 16 kuliko 737-800. Kwa kundi la ndege 30, hakuna ujanja wa uendeshaji utakaofikia hapo. Lakini weka macho mawili. Kwanza, teknolojia mpya ina maumivu yake: mwaka 2023 Pratt & Whitney ilitangaza kasoro kwenye unga wa metali uliotumika kutengeneza baadhi ya vipuri vya injini zake mpya, na mamia ya ndege duniani zikalazimika kukaa chini kusubiri ukaguzi. Shirika linalotegemea aina moja ya injini linaumia likiwa peke yake. Pili, ndege yenu ya zamani mkiiuza haiachi kuruka. Inakwenda kwa mwingine na kuendelea kula mafuta yaleyale. Ikiwa ndege mpya zinakuja kuongeza idadi na siyo kuchukua nafasi ya za zamani, msiliite hilo punguzo.

Wakati mnasubiri, zile za kizazi kilichopita zinaweza kufungwa ncha za mabawa za kisasa, ambazo kwa 737-800 zilizokwisha kuwa na ncha za awali huongeza akiba ya kama asilimia 1.5, na injini zioshwe kwa maji kwa ratiba maalumu ili uchafu usizipunguzie ufanisi. Wahandisi wenu wanalijua hili kuliko mimi.

Sasa niseme jambo ambalo karibu kila mpango wa mazingira niliousoma umeliruka, nalo linanikera. Hewa ukaa siyo madhara pekee ya ndege. Ile michirizi myeupe tunayoiona nyuma ya ndege ni fuwele za barafu zilizojijenga juu ya chembe za masizi. Hewa ikiwa kavu, hutoweka kwa dakika chache. Ikiwa baridi sana na imeshiba unyevu, michirizi husambaa na kuwa mawingu membamba yanayokaa kwa saa nyingi yakizuia joto la ardhi lisipande kwenda angani. Mchana angalau hurudisha sehemu ya mwanga wa jua juu. Usiku hakuna mwanga wa kurudisha, kinachobaki ni kuzuia joto tu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kuwa ndege zinachangia kama asilimia 2.5 ya hewa ukaa yote ya binadamu, lakini ukijumlisha michirizi na gesi nyingine mchango wao katika kuongeza joto ni asilimia 3.5. Ndani ya mchango huo, sehemu isiyo ya hewa ukaa ni takriban theluthi mbili, ingawa makadirio yake yana upana mkubwa.

Habari njema ni kwamba madhara hayo yamejikusanya kwenye safari chache. Utafiti juu ya anga la Japani uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kuwa asilimia 2.2 ya safari ndizo zilizosababisha asilimia 80 ya nguvu ya joto ya michirizi. Sababu ni kwamba tabaka la hewa yenye unyevu huo mara nyingi ni jembamba. Ndege ikipanda au kushuka futi 2,000 hivi, imelikwepa. Mwaka 2023 American Airlines na Google walijaribu safari 70 ambazo marubani walibadilisha kimo kwa kufuata utabiri, na picha za setilaiti zikaonyesha michirizi imepungua kwa asilimia 54. Safari zilizokwepa zilitumia mafuta zaidi kwa asilimia 2. Kwa kuwa safari zinazohitaji kukwepa ni chache, ongezeko hilo kwa shirika zima ni dogo sana.

Kwa ninyi ningeshauri muanze na safari za jioni na usiku, kwenye njia chache ambazo waongoza ndege wana nafasi ya kuwapa vimo tofauti. Utabiri wa unyevu wa kimo hicho bado haujakaa sawa, kwa hiyo msikwepe pale ambapo gharama ya mafuta ni kubwa: hewa ukaa ikitoka inakaa karne na karne, mchirizi unakwisha kesho. Umoja wa Ulaya umeanza mwaka 2025 kuyataka mashirika yapime na kuripoti athari hizi. Shirika dogo likianza mapema litakuwa na takwimu zake wakati wengine wanatafuta fomu.

Mafuta endelevu ya ndege yana kelele nyingi, nami sitakaa hapo muda mrefu. Yanayopatikana leo mengi hutengenezwa kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika na mafuta ya wanyama. Yakitengenezwa vizuri yanaweza kupunguza hewa ukaa ya mzunguko mzima hadi asilimia 80, na viwango vya sasa vinaruhusu yachanganywe mpaka asilimia 50 na mafuta ya kawaida. Tatizo ni wingi na bei. Mwaka 2024 dunia nzima ilitengeneza kama tani milioni 1, ambazo ni asilimia 0.3 ya mafuta ya ndege yaliyotumika, na bei yake ni mara kadhaa ya mafuta ya kawaida. Ulaya imeweka sharti la asilimia 2 kwa 2025, 6 kwa 2030 na 70 kwa 2050. Shirika ambalo mafuta ni karibu theluthi ya gharama zake haliwezi kujaza tangi kwa bei hiyo na nauli ikabaki ilivyo. Mwambie hivyo bosi wako bila kuzunguka. Kinachowezekana ni mkataba wa muda mrefu wa kiasi kidogo na kiwanda kinachojengwa, kwa sharti kwamba malighafi ifuatiliwe mpaka ilikotoka. Mafuta mabichi ya mawese yakipitishwa kwa jina la mafuta yaliyotumika, mmelipia msitu ukatwe.

Kuhusu miti, jibu langu ni hapana. easyJet ilitangaza mwishoni mwa 2019 kwamba itafidia hewa ukaa ya safari zake zote kwa kununua vyeti vya kaboni, yaani kulipia miradi ya kupunguza hewa ukaa mahali pengine, ikaacha mpango huo mwaka 2022 na kuelekeza nguvu kwenye hatua nyingine. Mti uliopandwa leo unaweza kuungua, kukauka au kukatwa, wakati hewa ukaa ya safari ya leo imeshapaa. Tena kisanduku cha kuweka tiki kinamhamishia abiria mzigo wenu na kumwambia ameshautua. Mkitaka kumshirikisha, mpeni nafasi ya kuchangia mafuta endelevu na mumwonyeshe risiti ya lita zilizonunuliwa. Mpango wa kimataifa wa CORSIA, uliokubaliwa mwaka 2016 chini ya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, unaweza kuwalazimu kununua vyeti kwa safari za kimataifa. Timizeni wajibu huo, na msiutangaze kama wema.

Nimebakiza ile namba ya pili, tani zote za mwaka. Mwaka 1865 mchumi Mwingereza William Stanley Jevons alionyesha kuwa mashine za mvuke zilipoanza kula makaa kidogo, Uingereza iliishia kuchoma makaa mengi zaidi, kwa sababu matumizi yake yalikuwa rahisi na kila mtu akayataka. Biashara ya nauli nafuu imejengwa juu ya mwendo huohuo. Akiba ya mafuta inashusha nauli, nauli inaleta abiria wapya, abiria wanaleta ndege mpya. Sisemi watu wasisafiri. Utafiti wa mwaka 2020 ulikadiria kuwa ni kama asilimia 11 tu ya watu duniani waliopanda ndege mwaka 2018, na kwamba asilimia 1 ya watu ndio waliosababisha zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya safari za abiria. Mtu anayepanda ndege mara moja kwa mwaka kwenda kumwona mama yake si tatizo la mpango wako. Tatizo ni safari zinazobuniwa ili viti vijae, kwa tiketi inayouzwa chini ya gharama ya mafuta.

Kwa hiyo pitia ramani ya njia zenu. Njia fupi zinachafua zaidi kwa kila kilomita, kwa kuwa kupaa ndiko kunakokula mafuta mengi. Penye treni nzuri na ya haraka, fungeni njia kabla hamjafungiwa; Ufaransa ilifanya hivyo kwa sheria mwaka 2023, kwa safari za ndani zenye treni ya chini ya saa 2 na nusu. Pasipo na treni, na umbali ni kilomita 500 au chini, fikirieni ndege ya pangaboi. Inachelewa kwa dakika chache tu lakini mafuta yake ni kidogo sana ikilinganishwa na jeti. Najua inavunja mtindo wenu wa kuwa na aina moja ya ndege, na idara ya ufundi haitaipenda. Fanya hesabu hata hivyo, kwa njia mbili au tatu. Ukitoka na matokeo mabaya, angalau utakuwa umejibu kwa namba.

Nirudi kwa wenzako wa masoko, maana wao hawatasubiri. Waonyeshe yaliyowapata wengine. Februari 2020 mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza ilipiga marufuku matangazo ya Ryanair yaliyodai kuwa ndilo shirika lenye uchafuzi mdogo kuliko mashirika yote makubwa ya Ulaya. Machi 2024 mahakama ya Amsterdam iliamua kuwa matangazo ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, kuhusu usafiri endelevu yaliwapotosha wateja. Neno "kijani" halina kipimo, kwa hiyo haliwezi kuthibitishwa wala kutetewa mbele ya hakimu. Wape badala yake sentensi yenye namba tatu, ikaguliwe na mtu wa nje, iwekwe kwenye ukurasa wa kukatia tiketi: gramu za hewa ukaa kwa abiria kwa kilomita mwaka huu, tani zote za mwaka huu, na tani zote za mwaka uliopita. Wakiona namba ya mwisho inawaaibisha, waambie waje kwenye kikao cha ratiba na ununuzi wa ndege, kwa sababu huko ndiko inakopangwa.